Ngao ya Mjomba

HAMISI: Karibuni tena, tuko Shangani, Mtwara. Feni tumeizima, ilikuwa inavuma kwenye kinasa sauti, kwa hiyo mkisikia mtu anahema ni mimi. Dada Somoe, leo una kesi.

SOMOE: Si kesi, ni aibu. Mjomba wangu ni seremala pale Mikindani. Mwaka jana nilimfungulia barua pepe, nikaibandika Facebook chini ya picha za vitanda vyake. Majuzi kaja kwangu kavaa koti. Koti, Hamisi, na joto hili! Ananiambia, "Mwanangu, nimeteuliwa."

HAMISI: Udiwani?

SOMOE: Kitabu cha watu mashuhuri duniani! Barua ya Kiingereza: hongera, jina lako limependekezwa, kuingia ni bure, jaza fomu kabla ya Ijumaa.

HAMISI: Imemtaja jina?

SOMOE: Hapo ndipo ningeshtuka. Imeandikwa "Mtaalamu Mpendwa". Wamemteua mtu wasiyemjua jina! Lakini koti lilishanilainisha, nikamjazia fomu.

HAMISI: Na kitabu cha namna hiyo cha kweli kipo, ndiyo maana watu wanaingia kingi. Waingereza wana Who's Who yao tangu 1849. Wahariri ndio wanaochagua, na aliyechaguliwa halipi hata senti. Hawa wengine wanaazima jina linalofanana na hilo.

SOMOE: Siku ya pili simu ikalia, namba ya nje. Dada mmoja, sauti ya asali, mimi mkalimani. Akamhoji mjomba dakika ishirini: ulianza lini useremala, nani alikufundisha, unajivunia nini. Mjomba akaeleza mpaka mlango wa kwanza aliouchonga. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo! Wallahi machozi yalinilenga.

HAMISI: Ndiyo kazi ya mahojiano hayo. Ukishasimulia maisha yako dakika ishirini, utaona haya kusema bei kubwa.

SOMOE: Hapo ndipo "bure" ikaisha. Kuorodheshwa bure, sawa, lakini kitabu chenyewe kina bei, uanachama wa miaka mitano una bei, uanachama wa maisha una bei. Pamoja na ngao ya mbao ya kutundika ukutani, dola mia tatu na ushee. Punguzo mwisho leo, nitajie namba za kadi.

HAMISI: Wanamuuzia seremala ubao!

SOMOE: Mjomba akaniambia, "Muulize, ni mkongo au mninga?" Dada wa watu kimya. Nami ndiyo nikazinduka, kadi yangu ya kwenye simu iko mkononi.

HAMISI: Jiulize tu, kitabu hicho ananunua nani? Hukioni dukani. Wanunuzi ni wale wale waliomo ndani.

SOMOE: Kila mtu ananunua jina lake.

HAMISI: Ila kuna ndugu yake mbaya zaidi. Anakuletea fomu: hakiki taarifa za biashara yako, bure, weka saini, rudisha. Chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba saini hiyo ni mkataba wa miaka mitatu, na kila mwaka unadaiwa mamia ya yuro. Halafu barua za vitisho zinaanza. Ukipata hiyo, usilipe kwa woga. Mwone mwanasheria kwanza.

SOMOE: Wenye duka wanadhani ni BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara.

HAMISI: BRELA unaomba mwenyewe kwenye mfumo wao, na malipo yana kontroli namba ya serikali. Hakuna kutajiana namba za kadi kwenye simu. Na barua yoyote, tazama anwani baada ya ile alama ya @. Mtu anajiita taasisi ya kimataifa, anatumia anwani ya bure kama yako na yangu?

SOMOE: Na aliyekwisha kutaja namba?

HAMISI: Apige benki kadi ifungwe, saa hiyo hiyo. Wengine wanakata tena mwaka ukiisha, wanaita kuhuisha uanachama.

SOMOE: Ile ya "hiyo hela itume kwenye namba hii" tunairusha kwa meseji namba 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaishughulikia. Hii haina kelele hivyo, inakuja na hongera.

HAMISI: Mjomba amenuna?

SOMOE: Siku mbili. Jana wakapiga tena, nikamtafsiria neno kwa neno: kama ni ngao, wao waagize Mikindani, ya mkongo, elfu arobaini, nusu inatangulia.