Nani Abebe Shangazi Kaja?

ZUHURA: Leo tufupishe salamu, Mudi, nimekuja na jambo la moto. Wiki hii nilikuwa Mbagala, kwa wale wanafunzi wangu wanaoandika filamu fupi.

MUDI: Waliobaki na kamera yangu.

ZUHURA: Itarudi. Nikawagawa kwenye makundi, kila kundi liandike sini moja: kijana anafika Dar kwa mara ya kwanza. Sikusema wa kiume wala wa kike. Makundi yote yakaandika binti! Anashuka kwenye basi, kajitanda kanga, anashangaa maghorofa, mkononi ana lile begi la safari tunaloliita shangazi kaja.

MUDI: (anacheka) Shangazi kaja! Zipu nzima au imekufa?

ZUHURA: Walilileta la kweli darasani. Zipu imekufa.

MUDI: Na limefungwa kamba?

ZUHURA: La katani.

MUDI: Hao watoto wanajua kazi. Nilivyouza CD Kariakoo miaka yote ile, sijaona binti wa filamu akaja mjini na begi lenye zipu nzima.

ZUHURA: Sikiliza kwanza. Kuna kijana mmoja anakaa nyuma kabisa, haongeagi. Akanyosha mkono: "Mwalimu, begi kama hili mimi nilikuja nalo kutoka Kigoma." Darasa zima likacheka. Yeye akaendelea tu. Alikuja kwa treni, ndani ya begi kuna dagaa na kidumu cha mawese cha mjomba wake. Mawese yakavuja njiani, mashati yote yakageuka rangi ya chungwa, na ndiyo mashati aliyoanzia shule.

MUDI: Maskini. Mawese hayatoki yale.

ZUHURA: Nikawaambia basi, begi abebe yeye. Nini kinafuata? Wakajibu palepale: anaibiwa stendi, anakutana na fundi, anajifunza kazi, mwisho anafungua gereji yake. Haya, akilibeba binti? Msichana mmoja wa mbele akasema, "Baba mwenye nyumba anamtaka." Akalisema kawaida kabisa, kama anasoma ratiba ya vipindi. Nililala nalo hilo, Mudi.

MUDI: Ila stendi ipi? Maana mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi tangu 2021, na kwenye filamu bado watu wanashukia Ubungo.

ZUHURA: Mudi!

MUDI: Nakusikia, dada yangu. Wa kiume anaibiwa, kweli. Ile Nairobi Half Life ya 2012, Mwas anatoka kijijini anataka kuwa mwigizaji, Nairobi inampokea kwa kumwibia. Bado hajakaa sawa, yuko rumande.

ZUHURA: Na pamoja na hayo anaendelea kutaka kuigiza! Anaingia kwenye wizi, anaona watu wanakufa, na bado hadithi inamngojea apande jukwaani. Filamu ile naipenda, na sababu ni hiyo, kijana anaruhusiwa kukosea na kutamani kitu kwa wakati mmoja. Sasa nitajie binti mwenye shangazi kaja aliyeulizwa na mwandishi wake anataka nini mjini.

MUDI: Anataka kazi.

ZUHURA: Kazi ametafutiwa na shangazi. Nakuuliza anachotaka yeye.

MUDI: Hapo lazima uelewe filamu zetu zilivyokuwa zinatengenezwa. Siku za kushuti chache, hela kidogo, nyumba ya kuazima na mwenyewe anataka muondoke Jumapili. Halafu watu wanaangalia kibanda umiza, kile cha mtaani cha kulipia kuona video, mmoja kaingia katikati, mwingine katoka kununua karanga. Mtazamaji akiliona begi tu, kashajua huyu ni nani, katoka wapi, mama mwenye nyumba atamtesa. Begi linakuokolea dakika kumi za maelezo.

ZUHURA: Nakubali linaokoa dakika. Lakini limeamua na mwisho wake. Na usidhani vijana wa kiume wamepona. Kwenye kava ulizokuwa unauza walikaaje?

MUDI: Katikati, miwani myeusi, mikono kifuani. Wasichana wawili pembeni, mmoja analia.

ZUHURA: Kijana wa kiume ama muhuni, ama tajiri, ama marioo anayelelewa na mama mtu mzima. Kulia, mpaka mama yake afe. Yule wa Kigoma sijamwona kwenye filamu yoyote. Mtoto mpole, anaogopa mjomba ataulizia mawese yake.

MUDI: Mjomba alisemaje, kwani?

ZUHURA: Alicheka, akamnunulia sabuni.

MUDI: Basi filamu ni hiyo! Inaanzia kwenye sabuni.

ZUHURA: Ndicho nilichowaambia.

MUDI: Lakini hapa sikuachii. Dada yangu mkubwa alitoka Singida na begi hilohilo. Kamba, kanga, kila kitu. Alikuja kufanya kazi za ndani Sinza. Ukisema tumtoe huyo binti kwenye filamu eti tumemchoka, umemtoa dada yangu. Mabinti wa kazi wapo, na wanayofanyiwa yapo.

ZUHURA: Sijasema atolewe. Dada yako leo anafanya nini?

MUDI: Anauza nafaka Tandika. Anajenga Chanika.

ZUHURA: Nitajie filamu iliyofika Tandika.

MUDI: (kimya) Hakuna. Lakini alikuja na wenzake, na wawili walirudi Singida na mimba. Mmoja nilimsindikiza mwenyewe stendi. Filamu za namna ile mama yangu aliwaita wadogo zangu wakae wazione mpaka mwisho. Waliogopa, na wakamaliza shule. Huwezi kuniambia hazikufanya kazi.

ZUHURA: Wadogo zako wa kiume nao waliitwa?

MUDI: Walikuwa nje.

ZUHURA: Ndiyo hapo sasa! Waliokuwa nje ndio wanaokuja kuwa baba mwenye nyumba. Binti anaonywa maisha yake yote, anayemfuata jikoni usiku haonywi na mtu.

MUDI: Filamu nyingi anafumaniwa.

ZUHURA: Anafumaniwa, anaomba msamaha, mke analia, nyumba inapona. Binti anafunga kamba anarudi kijijini. Na mwanafunzi ndiyo usiseme. Akipata mimba, filamu inaishia kwenye geti la shule. Mwaka 2017 rais alisema hadharani aliyejifungua asirudi, kwa hiyo miaka ile naweza kuelewa geti kuwa mwisho. Lakini Novemba 2021 waziri wa elimu alitangaza wanaruhusiwa kurudi. Wapo madarasani sasa hivi, wana watoto nyumbani, wanafanya mitihani. Mbona kamera haimfuati anaporudi?

MUDI: Kwa sababu ukimwonyesha amerudi kirahisi, mzazi wa kijijini atasema mnawafundisha watoto wetu kuwa mimba si kitu.

ZUHURA: Nani kasema kirahisi? Mwonyeshe anavyochekwa, maziwa yanamtoka kipindi cha hesabu. Hiyo ni filamu yenye uchungu kuliko geti.

MUDI: Na mimi nasema hofu imewalinda wadogo zangu. Sitasema uongo ili tukubaliane.

ZUHURA: Na mimi nimekaa darasani na wasichana ambao hofu hiyo ndiyo hadithi pekee wanayojua kujiandikia. Sitakubali.

MUDI: Basi tubaki hivyo.

ZUHURA: Tubaki. Niliandaa mambo matatu kwa vijana wanaotaka kuandika skripti...

MUDI: Wenye studio wameshagonga kioo, kuna watu wa kwaya wanasubiri.

ZUHURA: Hata la kwanza?

MUDI: Hata la kwanza. Begi limekula kipindi chote.

ZUHURA: Wewe ndiye uliyeuliza zipu. Haya, wasikilizaji, wanafunzi wanashuti Jumamosi, na begi anabeba yule wa Kigoma, kwa hiyari yake. Kundi jingine limebaki na binti, nimewaomba waandike anachotaka kabla hajapanda basi.

MUDI: Wamesema anataka nini?

ZUHURA: Bado wanagombana. Nusu wanasema udereva wa malori.

MUDI: Kamera yangu isipande lori.