Nafasi ya Uchumi Miongoni mwa Tunu za Chama cha Kijani

Ndugu wasikilizaji,

Swali nililopewa jioni hii linaweza kuonekana kuwa la wanasheria wa vyama tu: je, chama kilichoundwa kwa ajili ya kulinda mazingira kiandike kanuni za uchumi miongoni mwa tunu zake za msingi, au uchumi kiuachie ilani ya uchaguzi, inayobadilika kila baada ya miaka michache? Jibu langu ni kwamba kanuni ziandikwe, lakini ziwe chache sana, na kipimo cha kuzichagua kiwe kikali kuliko tulivyozoea.

Waliotutangulia hawakulijibu swali hili kwa namna moja. Chama cha Kijani cha Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilijisimamisha juu ya nguzo nne, yaani ikolojia, haki ya kijamii, demokrasia ya mashinani na kukataa matumizi ya nguvu; uchumi haukupewa nguzo yake. Wanakijani wa Marekani walipokutana St. Paul, Minnesota, mwaka 1984, walianzisha mchakato uliozaa tunu kumi, na mojawapo ilikuwa uchumi ulio mikononi mwa jamii za mahali. Mkataba wa vyama vya kijani vya dunia, uliopitishwa Canberra mwaka 2001, ulikuja na kanuni sita, na humo uchumi umeingizwa ndani ya kanuni ya uendelevu, inayokiri kwamba upanuzi wa mali za binadamu una mpaka kwa sababu dunia yenyewe ina mpaka.

Wanaotaka uchumi ubaki nje ya tunu wana hoja nzito. Wanasema kwamba mazingira huwakutanisha mkulima, mfanyabiashara na mwanaharakati, ambao wangetengana mara tu wangeulizwa kuhusu kodi au umiliki wa viwanda. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona inasahau jambo ambalo lugha yetu inalikumbuka. Neno uchumi limetokana na kuchuma, na anayechuma lazima awe na mti. Kitabu cha hesabu kinachoorodhesha matunda bila kuutaja mti kina kasoro tangu ukurasa wa kwanza, na ndivyo Pato la Taifa linavyohesabiwa: msitu ukikatwa na mbao zikauzwa, mauzo huongezwa kwenye pato, lakini msitu uliotoweka haupunguzwi popote. Chama kinachosema kinalinda msitu huku kikinyamaza kuhusu hesabu hiyo kimekubali kushindwa kabla bunge halijafunguliwa, kwa kuwa maamuzi mengi yanayoamua hatima ya msitu hufanyika katika bajeti, na bajeti huandikwa kwa hesabu hiyohiyo.

Hata hivyo, kuna hatari ya upande wa pili, na mfano wake naujua vizuri kiasi cha kuurudia katika kila mjadala. Mwezi Machi 1998, mkutano mkuu wa Wanakijani wa Ujerumani uliofanyika Magdeburg uliamua kwamba bei ya lita ya petroli ipandishwe hatua kwa hatua hadi mark 5, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, katika muda wa miaka kumi, karibu mara tatu ya bei ya wakati ule. Kisera, uamuzi ule haukuwa wa kipuuzi. Kosa lilikuwa kwamba tarakimu moja iligeuka kuwa utambulisho wa chama: anayeitetea ni muumini, anayeihoji ni msaliti, na wapiga kura wakasikia mark 5 tu. Septemba mwaka huo chama kilipata asilimia 6.7 ya kura, pungufu ya asilimia 7.3 ya mwaka 1994. Kiliingia serikalini kwa ushirika na SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, na kodi ya ikolojia, yaani kodi ya nishati kama petroli, iliyoanza mwaka 1999 iliongeza pfennig 6 (mark moja ilikuwa na pfennig 100) kwa lita kila mwaka kwa miaka mitano.

Kutokana na kisa hicho natoa kipimo changu: kanuni inastahili kuwa tunu endapo inaweza kuendelea kuishi baada ya sera iliyotokana nayo kushindwa. Mark 5 zilikufa, ilhali kanuni kwamba aharibuye ndiye alipe, ambayo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, liliipitisha mwaka 1972 na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo uliofanyika Rio ukaithibitisha mwaka 1992, ingali hai, na inaweza kutekelezwa kwa kodi, kwa vibali vya kuchafua vinavyoweza kuuzwa na kununuliwa au kwa sheria ya fidia. Kwa kipimo hichohicho, sioni sababu ya kuandika kwamba chama kinapinga ukuaji wa uchumi. Ukuaji ni namba inayotokana na namna tulivyochagua kuhesabu; tukibadili hesabu, huenda tukajikuta tunapinga kitu ambacho hakipo tena.

Lakini kanuni ya aharibuye haiwezi kusimama peke yake. Sehemu kubwa ya mapato ya kodi ile ya Ujerumani ilitumika kupunguza michango ya pensheni, jambo lililomnufaisha mwajiri na mwajiriwa. Mstaafu na mwanafunzi, ambao hawachangii, walilipa petroli ghali bila kupata unafuu huo. Wote walikuwa wamechafua hewa kwa kiwango chao, kwa hiyo kanuni ilitimizwa, na bado haki ilichechemea. Ndiyo maana sikubali kanuni ya gharama iandikwe mbali na kanuni ya ugawaji.

Kama ningeombwa kuandika kifungu chenyewe, ningependekeza hivi: shughuli za uchumi ziende ndani ya uwezo wa maumbile kujirudisha, na gharama ya uharibifu isibebeshwe mtu asiyeusababisha wala asiye na uwezo wa kuubeba. Sehemu ya pili ndiyo itakayotuletea ugomvi, kwa sababu miongoni mwa wasiosababisha wamo watoto ambao hawajazaliwa, na hakuna mkutano mkuu wa chama ambao wao watapiga kura. Naomba maswali yenu yaanzie hapo.