"Hatujamaliza" kwa Kijerumani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mko darasa la Kijerumani la B1, yaani ngazi ya kati, na mnasubiri visa. Mimi nimefanya kazi ya umeme kwenye majengo Ujerumani, na leo nataka tuzungumzie dakika tano tu za wiki nzima: kwenye kikao cha kazi, Bauleiter, yaani msimamizi wa ujenzi, anapokugeukia na kuuliza, "Wie ist der Stand?" Kazi imefikia wapi?

Mara yangu ya kwanza nilijibu, "Wir haben die Leitungen nicht verlegt." Nilikusudia kusema hatujapitisha nyaya. Akakunja uso: "Warum nicht?" Alichosikia ni "hatukupitisha", kana kwamba tumeamua kuiacha kazi. Nilikosa neno moja tu, noch: "Wir haben die Leitungen noch nicht verlegt."

Darasani hakuna aliyenionyesha kwamba Kiswahili chetu kinalijua jambo hili zamani. Ile -ja- ya hatujapitisha ndiyo noch nicht. Ile -mesha- ya tumeshapitisha ndiyo schon. Na "bado tunapitisha" ni "Wir sind noch dabei." Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize: kwa Kiswahili ningesema hatuku- au hatuja-? Ukishalijua hilo, sentensi ya Kijerumani inakuja yenyewe.

Sisi tukiulizwa tunapenda kujibu "tuko mbioni", na aliyeuliza anaridhika. Kule bado atangoja tarehe, basi itoe mwenyewe: "Bis Freitag sind wir fertig." Hiyo bis maana yake ikifika Ijumaa kazi iwe imekwisha. Kama huna hakika, ongeza voraussichtlich, yaani kwa tunavyotarajia. Ni refu, lakini lifanyieni mazoezi mpaka ulimi ulizoee, maana litawalinda. Mtasikia pia KW 24, wiki ya 24 ya mwaka. Wiki yao huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye tarehe 4 Januari.

Sasa kuchelewa. Kamusi itawapa Verzug, na hilo naomba mliogope kidogo, kwa sababu ni neno la sheria. Kifungu cha 286 cha sheria ya kiraia ya Ujerumani, BGB, kinaeleza ni lini mtu anahesabiwa kuwa katika Verzug, na kutoka hapo anaweza kudaiwa fidia. Fundi hana haja ya kulitamka kikaoni. Sema: "Wir haben drei Tage Verzögerung, weil das Material noch nicht geliefert wurde." Tumechelewa siku tatu kwa kuwa vifaa havijaletwa. Angalieni kitenzi wurde kilivyosukumwa mpaka mwisho. Weil, yaani kwa kuwa, ndiyo imekisukuma. Na mseme siku ileile mnapoona vifaa havijafika, msingoje kuulizwa. Mwenzenu wa lipu anasubiri nyaya zenu ndipo aanze ukuta wake, na yeye ana familia na ratiba kama ninyi.

Haya, wekeni kalamu chini. Kila mmoja afikirie kazi moja aliyonayo nyumbani ambayo haijaisha. Tuanze na wewe dada wa mstari wa mbele: wie ist der Stand?