Kurekodi sauti za ndege kwenye mafunjo ya Dunga kwa simu

Karibuni. Tuko Dunga, Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na Juni ndiyo imeanza. Wageni wa Ulaya wamesharudi kwao kutaga, kwa hiyo karibu kila unachosikia hapa ni mwenyeji. Leo tunamtaka gonoleki wa mafunjo, ndege anayejificha humu ndani ya mafunjo.

Fika saa 11:45 alfajiri. Jua likishapanda, upepo wa ziwa unaamka, mafunjo yanachakacha, na kazi imekwisha. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Inayokuza mara 10 ndani ya mtumbwi inakupa kizunguzungu tu. Kuirekebisha mnajua, twende.

Simu iweke hali ya ndegeni (airplane mode). Fungua programu ya kurekodi inayohifadhi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na kwenye kiwango cha sampuli chagua 48 kHz. Zima kipunguza kelele, maana kimeundwa kwa sauti ya mtu, na ndege kwake ni kelele ya kufutwa. Kama una maikrofoni ya nje, ivishe kifuniko cha manyoya cha kukinga upepo. Ninavyo vya kuuza, maelezo yako chini ya video. Sponji peke yake haifui dafu mbele ya upepo wa hapa.

Kipimo cha sauti kicheze karibu na desibeli -12 ndege akilia kwa nguvu. Kikigonga sifuri, sauti inapasuka na hairekebishiki tena.

Sasa hapa ndipo rekodi nyingi hufia: USISHIKE simu. Kidole kikisogea kidogo tu, maikrofoni inasikia ngurumo. Iweke kwenye stendi, au ifunge kwenye kijiti kwa mpira, maikrofoni ielekee mafunjo. Bonyeza, kisha toa mkono. Koti la nailoni nalo vua, linapiga kelele kuliko ndege.

Ngoja, lenzi imeshika ukungu... nafuta... haya. Na boti ya injini hiyo inapita. Usizime rekodi, iache boti ipite.

Huyo! Mmesikia? Hao ni wawili, dume na jike wanapokezana haraka hadi utadhani ni mmoja. Mkono wako uko wapi? Toa!

Rekodi dakika nzima. Akinyamaza, subiri sekunde 10, ndipo useme tarehe, saa, mahali, na kama umemwona au umemsikia tu.

Ametokea: kifua chekundu, utosi wa manjano, mstari mweupe bawani. Utosi ukiwa mweusi na bawa halina weupe, huyo ni gonoleki kichwa-cheusi, naye yupo Kisumu hii hii. Usimwite kwa kumchezea mlio wake kwenye spika, tafadhali. Anaacha kiota kuja kupigana na jirani asiyekuwepo.

Nyumbani, kata ule mlio wa kidole mwanzoni na mwishoni, mengine yaache yalivyo. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama sauti, isije ikabanwa. Kisha ipandishe eBird au xeno-canto, tovuti ambako watu hukusanya rekodi za ndege.