Tamarini wa dhahabu na mikono inayomlea

Asanteni. Nitaanzia pale pale ninapoanzia kila nikipewa nafasi, na mlionisikia kabla mtanivumilia, maana jambo lenyewe bado halijaingia vichwani. Tamarini wa dhahabu, yule tumbili mdogo wa Brazil mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, alianza kupona siku watu walipoacha kumtenga na ndugu zake.

Habari za kufyekwa kwa Msitu wa Atlantiki kule Brazil mnazijua. Mnajua pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 porini walikadiriwa kubaki 200 tu, wote katika jimbo la Rio de Janeiro. Watu wakajipa moyo: si wapo kwenye bustani za wanyama? Walikuwepo, ila nako walikuwa wanakwisha. Wanazaliwa, wanakufa. Mwaka 1972 wataalamu wakakutana Washington kulijadili hilo, na Devra Kleiman, wa bustani ya wanyama ya taifa mjini humo, akajitwika kazi ya kuchunguza tumbili hawa wanaishije hasa.

Wanaishi kifamilia: mama, baba, na watoto wakubwa ambao bado hawajaondoka nyumbani. Mama ana gramu 600 hivi na kwa kawaida huzaa mapacha, ambao kwa pamoja hufikia karibu sehemu ya tano ya uzito wake. Awabebe, awanyonyeshe, aruke nao matawini na ajitafutie chakula, peke yake? Hawezi. Siku za mwanzo huwabeba yeye. Baada ya wiki mbili tatu, baba ndiye anayeshika zamu kubwa.

Sasa mtazameni kaka mtu anayebeba kwa mara ya kwanza. Mtoto amemng'ang'ania manyoya ya shingo. Kaka anajikunja, anajikuna, anausugua mgongo kwenye tawi, anataka mzigo huu umtoke. Mtoto analia. Baba anasogea, anakaa ubavuni pake, na mtoto anahamia kwake mkono mmoja mmoja, bila kuachia wa nyuma kabla wa mbele haujashika. Kesho kaka anajaribu tena. Hilo ndilo darasa. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa tamarini maneno hayo yachukueni kama yalivyo.

Najua kuna atakayesema mnyama ana silika, kulea hafundishwi. Nimelisikia mno, na linanichosha, kwa sababu lilishajibiwa kwa vifo. Wale waliotolewa kwa wazazi kabla hawajapata kuwabeba wadogo zao, walipozaa wao, wengi walishindwa. Maziwa yalikuwepo, uzoefu haukuwepo. Walipoachwa nyumbani hadi uzao uliofuata, na chakula nacho kikarekebishwa, idadi ikapanda. Silika humfanya mtoto ang'ang'anie. Kumvumilia anayekung'ang'ania ni jambo la kujifunza.

Mwingine huniuliza: mabinti wakubwa wapo, kwa nini nao wasizae, idadi ikue haraka? Kwa kawaida katika kundi huzaa jike mmoja. Mara chache binti naye huzaa, lakini hesabuni wabebaji: wachanga wanne, mikono ile ile, na panzi wale wale wa kugawana. Maana wadogo hawa hulishwa pia. Mkubwa akipata panzi hutoa mlio maalumu, mtoto anakuja mbio, anampokonya mdomoni, na mkubwa anamwachia. Ukimwona binti anambeba mdogo wake, usiseme amekaa bure.

Mwaka 1984 waliozaliwa bustanini wakaanza kurudishwa msituni. Wengi walikufa. Walipotea, walianguka, tawi jembamba lililowayumbia lilikuwa kitu kigeni kwao. Lakini watoto wao waliozaliwa msituni walikua wakiujua. Mnaona ni habari ile ile?

Muda umeniishia, kwa hiyo haya nayapitia juu juu. Homa ya manjano iliwashusha kutoka takriban 3,700 mwaka 2014 hadi 2,500 mwaka 2018. Hesabu iliyotolewa mwaka 2023 ilikuwa kama 4,800. Ni faraja, ila msitu wao umekatika vipande, na kijana anayeondoka kwao lazima ampate mwenza asiye ndugu yake. Barabara kuu ya BR-101 inapita katikati. Mwaka 2020 lilikamilika daraja juu yake, si la magari, la wanyama, likajazwa udongo na kupandwa miti. Tamarini hapendi kushuka chini, kwa hiyo miche ile inabidi ikue hadi matawi yashikane ndipo avuke kwa raha.

Nilikusudia kuzungumzia chanjo ya homa ya manjano pia, nimeiruka. Atakayeiuliza nitamjibu kwanza. Karibuni na maswali.