Damu Isiyokwisha na Damu Isiyokuja: Mazungumzo Kuhusu Madhara ya Njia za Kupanga Uzazi

Mhadhara uliotolewa mbele ya akina mama wa chama, waume wachache na wahudumu wa afya ya jamii, mtaa wa Manyatta, Kisumu

Oyawore uru, akina mama. Hamjambo nyote. Asante mwenyekiti kwa kunikaribisha. Na wazee wetu mliokaa pale karibu na mlango, nawaona. Najua mmekaa hapo ili mambo yakiwa mazito mchomoke. (Kicheko.) Msichomoke, haya yanawahusu.

Mimi ni nesi, na chumba changu ni kile cha kupanga uzazi. Mama anaingia, hata hajakaa, ameshakunja mkono wa blauzi mpaka begani: "Sista, nitoe hii kitu leo." Nikimwuliza kama anataka mtoto, anashtuka. Mtoto hataki. Nikimwuliza shida ni nini, jibu ni lilelile karibu kila wiki: damu. Ama damu imekataa kukatika, au imekataa kuja. Hayo mawili ndiyo nitakayokaa nayo leo. Kichefuchefu na chunusi nitavipitia mbio.

Kwanza tujue kinachoendelea mwilini. Sindano ya miezi mitatu, ile tunayoita depo, ina homoni moja tu, projestini. Vijiti vya mkononi pia ni projestini peke yake: Jadelle ni vijiti viwili vya miaka mitano, Implanon NXT ni kimoja cha miaka mitatu. Vidonge vya kila siku ambavyo wengi mnavijua vina homoni mbili, projestini na estrojeni. Projestini inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu ya mwanamume isipite. Depo pia inazuia yai lisitoke, na vijiti hufanya hivyo mara nyingi. Na kazi ya tatu, ambayo ndiyo mama wa ugomvi wote: inaufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba.

Damu ya mwezi ni ule utando. Kizazi huukandika kila mwezi, mimba isipotunga unabambuka na kutoka. Sasa, ukuta usiokandikwa una udongo gani wa kubambuka? Kwa hiyo mama wa depo anapoona mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita, hakuna kitu, damu haijajificha mahali. Haijajaa tumboni, haijapanda kichwani, haigeuki kuwa uvimbe. Haikutengenezwa. Nalisema taratibu kwa sababu najua mama mkwe amesema vingine, na mama mkwe ana sauti kuliko nesi. Wanawake wanaotumia depo mwaka mzima, karibu nusu yao hawaoni hedhi kabisa. Ikiwa una wasiwasi kwamba ni mimba, pima. Kipimo cha mkojo ni kitu cha dakika chache, na kuishi na hofu miezi mitatu ni ujinga ambao mimi sitakuruhusu.

Kuna hata wanaonufaika. Upande wetu huu wa ziwa una watu wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huo, njia za projestini pekee ni salama, na kupoteza damu kidogo zaidi kila mwezi kwake ni neema.

Sasa ile nyingine, damu isiyokwisha. Hii ndiyo inayochosha. Utando ukiwa mwembamba sana, mishipa yake midogo inakuwa dhaifu, inavuja. Leo madoa, kesho hakuna, keshokutwa madoa tena. Mama hawezi kuvaa sketi nyeupe kwenda kanisani, akiwa Mwislamu hajui afunge au asifunge, mumewe ameanza kulala akiangalia ukuta. Tukimwambia "zoea", tumemtukana.

Mama mmoja anayeuza omena alinifundisha kitu. Alikuja na kalenda ya ukutani, zile zinazotolewa bure na duka la pembejeo, yenye picha ya ng'ombe wa gredi. Kwenye kila tarehe ameweka alama kwa biro: nukta kwa siku ya madoa, msalaba kwa siku ya damu ya kujaza pedi, na siku kavu ameiacha hivyo. Aliniwekea mezani bila maneno mengi. Kwa kuangalia tu niliona jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona: misalaba ilikuwa mingi mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ilikuwa imebaki nukta. Mwili ulikuwa unatulia. Akaamua kusubiri. Mwingine angeleta kalenda ya namna hiyohiyo yenye misalaba inayoongezeka, na huyo nisingemwambia asubiri hata siku moja. Kwa hiyo wekeni alama. Kumbukumbu ya kichwa inadanganya. Siku mbaya moja inafunika kumi nzuri.

Mara nyingi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo migumu. Lakini kusubiri si dawa pekee, na hapa nawalaumu wenzangu wa kazi. Dawa ipo. Ibuprofen, ileile ya maumivu, ikimezwa baada ya chakula kwa siku tano kwa kipimo ambacho mtoa huduma atakuandikia, hupunguza damu kwa wengi; mwenye vidonda vya tumbo asiiguse. Mwanamke asiye na kizuizi cha estrojeni anaweza kupewa vidonge vya homoni mbili kwa siku ishirini na moja, utando ukashikamana. Haya si matibabu ya kudumu, damu inaweza kurudi, lakini yanampa mtu pumzi. Ombeni pia mpimwe wingi wa damu. Kuleni mboga zetu za osuga na dek, omena, ini mkilipata. Na mkipewa vidonge vya madini ya chuma, msivimeze kwa chai. Chai inazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Lakini damu ikija mara mbili ya kawaida yako, kwa wingi au kwa siku, au ikianza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, au ikiwa na maumivu makali ya tumbo, hiyo usiihesabie dawa ya kupanga uzazi. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa mlango wa kizazi una shida. Tunataka kukuchunguza.

Ile tabia ya kumwambia mwanamke "hayo ni mawazo yako" ina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Vidonge vya kwanza vya kupanga uzazi vilipojaribiwa kwa wanawake wengi, ilikuwa Puerto Rico mwaka 1956. Daktari aliyesimamia kazi kule, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa, tumbo na kutapika. Wakubwa wa utafiti hawakuyapa uzito malalamiko hayo. Vidonge vikaidhinishwa Marekani mwaka 1960, vikiwa na homoni nyingi kuliko vya leo mara kadhaa. Ilibidi wanawake wasimame wapige kelele ndani ya vikao vya Seneti mwaka 1970 ndipo kila pakiti ikaanza kuwa na karatasi ya kueleza madhara. Ile karatasi mnayoitupa kabla ya kuifungua. Kipimo kilipunguzwa kwa sababu watu walilalamika na ushahidi ukafuatiliwa. Kwa hiyo malalamiko yako kliniki ni kazi, si usumbufu.

Uzito. Nilijua mngecheka. Kati ya 2015 na 2018, wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini walishiriki utafiti ulioitwa ECHO. Kituo cha Kenya kilikuwa hapa Kisumu, chini ya KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Swali kubwa lilikuwa kama depo inaongeza hatari ya kupata virusi vya Ukimwi kuliko kijiti au koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi, na jibu lililotoka 2019 ni kwamba hakukuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Lakini waliwapima pia uzito. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wa depo walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 3.5, wa kijiti kilo 2.4, na wa koili ya shaba kilo 1.5.

Sikilizeni hiyo ya mwisho. Koili ya shaba haina homoni hata chembe, na bado kilo moja na nusu imeingia. Umri umo, ugali umo, kukaa kibandani kutwa kumo. Ila mama wa depo akisema ameongezeka, hasemi uongo, na nesi anayemwambia ni chapati tu amemwonea. Huo ni wastani. Wapo ambao hawakuongezeka na wapo walioongezeka sana. Ukiona gauni zinabana miezi sita ya kwanza, njoo tuzungumze njia nyingine kabla hazijapasuka.

Hisia na hamu ya tendo. Wazee, sasa ndiyo zamu yenu. Mnasema mwanamke akipanga anakuwa baridi. Wengine kweli hamu inapungua, wengine inaongezeka kwa sababu hofu ya mimba imeondoka, na wengi hawaoni tofauti. Kabla ya kulaumu kijiti, angalieni kama mama amelala, kama mtoto ananyonya usiku kucha, kama mmezungumza wiki hii. Lakini mwanamke akianza kulia bila sababu, akakosa raha na vitu alivyovipenda, na jambo hilo limeanza baada ya njia mpya, njia hiyo ibadilishwe. Sitabishana naye.

Vidonge: kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya kula. Matiti kuuma na chunusi mara nyingi hutulia ndani ya miezi mitatu. Vile vya kahawia vya mwisho wa pakiti havina homoni, ni vya madini, kwa hiyo damu ikija wakati huo ndiyo ratiba yake. Ila vidonge vya homoni mbili si vya kila mtu: mwenye presha ya juu, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona mwanga wa zigizagi, aliyewahi kuganda damu mguuni, na anayenyonyesha mtoto chini ya miezi sita. Na ukiwa navyo, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, kichwa kikagonga kuliko ulivyowahi kukijua, macho yakaona ukungu, acha vidonge uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Jambo ambalo watu hawalisemi: dawa hugombana. Ukianza dawa za TB zenye rifampisini, au dawa fulani za kifafa, nguvu ya vidonge na vijiti hupungua. Efavirenz, dawa ya zamani ya virusi, nayo ilidhoofisha vijiti. Dolutegravir inayotumiwa na wengi sasa haina shida hiyo. Depo haikuguswa na zote hizo. Basi ukiwa kliniki ya TB, sema una kijiti. Ukiwa kwetu, sema unameza nini. Hatutamwambia mtu.

Na kuhusu kuzaa baadaye: vijiti vikitolewa, uzazi hurudi upesi, hata mwezi huohuo. Depo inachelewa. Kwa wastani ni kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Inachelewa, haiharibu. Anayetaka mtoto mwaka ujao asichague depo leo, na nesi anayekuchoma bila kukuambia hivyo hajamaliza kazi yake.

Sasa maswali.

Mama wa kitenge cha kijani anauliza: nesi akikataa kunitoa kijiti? Mwili ni wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma ya afya, na ya uzazi imetajwa humo kwa jina. Nesi anaweza kukuuliza sababu, anaweza kukueleza dawa ya damu, lakini ukishasema toa, anatoa, au anakuelekeza palipo na mtu anayejua kutoa. Akikataa, muulize msimamizi wa kituo. Usithubutu kwenda kwa mtu wa wembe. Kijiti kikivunjika ndani ya nyama, tunakitafuta kwa mashine.

Swali la pili: mama mmoja anasema binti yake hakisikii kijiti mkononi akipapasa. Arudi kituoni, na mpaka kipatikane atumie kondomu. Kama kimezama, atatumwa hospitali ya rufaa, na huko kitaonekana kwa picha.

Dada wa nyuma anauliza kuhusu P2. P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na mapema ni bora. Inaweza kusogeza hedhi yako mbele au nyuma kwa siku kadhaa, na ukiimeza kila wikendi utakuwa na hedhi isiyo na kichwa wala miguu, na bado ulinzi wako ni mdogo kuliko wa kijiti. Haikufanyi tasa. Lakini hela unazoziacha kwa kemisti kila Jumatatu, huku kwenye vituo vya serikali njia zenyewe hutolewa bila malipo.

Mabinti wawili bado wana mikono juu. Nitawajibu nje, kwa sababu nimeona mama zao wamekaa humu.