Kabla Hujatoa Hela ya Laptopu Mpya ya Bei Nafuu

Mhadhara kwa wazazi na vijana wanaojiandaa kuingia chuo, Dar es Salaam

Shikamooni wazazi wangu. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja mapema.

Kila majina ya waliochaguliwa vyuo yanapotoka, nyumba nyingi huanza kuulizana swali lile lile: tumnunulie laptopu gani? Hela yenyewe mara nyingi ni ya kikoba, au ya mauzo ya korosho, au ni bumu la kwanza ambalo lilipaswa kuwa la chakula. Hela ya namna hiyo ikipotea hairudi upesi. Ndiyo maana leo sitaki tuzungumzie laptopu kwa jumla. Nataka tuipime aina moja tu: ile mpya, ya kwenye boksi, nyembamba, inayong'aa, inayouzwa kwa bei ya simu ya kati. Inavutia, muuzaji anaisifu, na mzazi anajisikia vizuri kumkabidhi mtoto kitu ambacho hakijashikwa na mtu mwingine. Je, thamani yake inalingana na hela unayotoa?

Hapa mezani nina mashine mbili. Hii ya kushoto ni mpya, stika zake bado ziko juu. Hii ya kulia ni HP EliteBook 840 G5, toleo la mwaka 2018, imefanya kazi ofisini Ulaya kisha ikaja huku kama mtumba. Pale Kariakoo hii ya mtumba itaizidi bei hii mpya.

Tusome boksi la hii mpya. Prosesa Celeron N4020. RAM 4GB. Hifadhi 64GB eMMC. Windows 11 katika hali ya S. Maneno hayo manne yanabeba karibu kila kitu unachohitaji kujua, na muuzaji mara nyingi huyapita haraka ili akuonyeshe rangi.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, sitaikalia sana. N4020 ilitoka mwaka 2019, ina viini viwili vya kufanyia kazi, na imeundwa itumie umeme kidogo mno, wati 6 hivi. Tuitendee haki: haina feni ya kupiga kelele, haichemki mapajani, na betri inakaa. Kuandika insha na kusoma PDF inaweza. Kama tatizo lingekuwa prosesa peke yake, ningewaambia vumilieni.

Shida iko kwenye RAM na hifadhi. Kijana mmoja anisaidie hapa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazameni ukutani. Hatujafungua kitu chochote, mashine imewaka tu, na tayari karibu robo tatu ya RAM imeshaliwa na Windows yenyewe. Sasa fungua kivinjari, weka kurasa tano au sita, kisha fungua Word. Mnaona? RAM ni kama meza ya kukatia ya fundi cherehani: ikijaa, kila kitambaa anachohitaji inabidi akifuate stoo na kukirudisha. Kompyuta nayo RAM ikijaa huanza kuhamishia kazi kwenye hifadhi. Na hifadhi ya mashine hii ni eMMC, aina ile ile ya chipu iliyomo kwenye simu za bei ya chini. Kwa kazi ya kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo kila sekunde, inachoka. Ndipo mnapoona kile kiduara kinazunguka, mtoto anasema kompyuta imeganda.

Na hiyo 64GB si yako yote. Windows pamoja na faili zake za akiba hula karibu nusu. Ukiweka Office, picha, na video za masomo zilizotumwa kwenye kundi la darasa, sasisho kubwa likija linakosa nafasi ya kujikunjua.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 2014 Microsoft waliona Chromebook, laptopu za bei nafuu zinazotumia mfumo wa Google, zinawachukulia soko la mashuleni Marekani, wakaanza kuwapa watengenezaji Windows kwa masharti nafuu sana kwa mashine za bei ya chini. Mwishoni mwa mwaka ule ikatoka HP Stream 11 kwa dola 199, RAM 2GB, hifadhi 32GB. Watu waliinunua kwa furaha. Baadaye Windows 10 ilipoanza kuleta masasisho makubwa, mashine za 32GB zikawa zinamwomba mwenyewe achomeke flashi ndipo zisasishwe. Leo namba zimepanda kuwa 4GB na 64GB, lakini Windows nayo imenenepa. Kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wanakidai ili Windows 11 iwekwe ni RAM 4GB na hifadhi 64GB. Hizo ndizo namba za boksi hili. Kwa hiyo mashine hii haina hata hatua moja ya kurudi nyuma. Inaanza kazi siku ya kwanza ikiwa mpakani, na kozi ya mtoto wako ina miaka mitatu au minne mbele.

Mtu atasema, si tutaongeza RAM baadaye? Swali zuri, na kwangu mimi ndilo swali kubwa kuliko yote ya leo. Ngoja nifungue kifuniko cha chini. Angalieni bodi. RAM imechomelewa kwenye bodi yenyewe. Hifadhi nayo imechomelewa. Hakuna pa kuchomoa wala pa kuchomeka. Sasa tufungue hii ya kulia. Hizi hapa sehemu mbili za RAM, moja ina 8GB, ya pili iko wazi. Hii hapa SSD, hifadhi yenye kasi kuliko eMMC, inashikwa na skrubu moja. Betri hii hapa, inatoka. Kibodi ikiharibika ipo sokoni. Mashine ya miaka mingi inaweza kukua, na ile ya jana imeshafika mwisho wa ukuaji wake.

Kwa hiyo ukifika dukani, usianze kuuliza bei wala inchi. Uliza: RAM imechomelewa au inabadilishika? Hifadhi ni eMMC au SSD? Muuzaji asipojua, mwombe namba kamili ya modeli uitafute kwenye simu yako hapo hapo, hata kama ataona unamchelewesha. Hela ni yako.

Hali ya S, kwa haraka. Ukiwa ndani yake unaweza kuweka programu za kutoka duka la Microsoft tu. Mwanafunzi wa takwimu akija na SPSS, au wa uhandisi akija na AutoCAD, inakataa. Kutoka kwenye hali hiyo ni bure, dakika chache kwenye mipangilio, ila ukishatoka huwezi kurudi tena. Msimlipe mtu kwa kazi hiyo. Nimesikia vijana wanalipishwa, na inaniuma.

Jambo jingine ambalo boksi halisemi: bawaba. Sogea mzazi, shika kona hii ya kioo uinue kwa mkono mmoja. Umeona mwili mzima unavyojikunja? Bawaba za chuma zinafungwa kwa skrubu kwenye vikombe vidogo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Kila ukifungua na kufunga, shaba inavuta plastiki. Siku moja kikombe kinang'oka, ganda linaachama pembeni, na kioo kinafuata. Mafundi wa mjini wanabandika gundi, lakini gundi haikai sana. Mfundisheni mtoto kufungua kwa kushika katikati ya kioo, hata kwa mashine nzuri.

Sasa mtumba nao. Sijaja hapa kuupigia debe ukaingia kichwa kichwa. Kwanza, msidanganyike na stika ya Core i7. Angalia tarakimu zinazofuata baada ya kistari; mwanzo wake ndio unaoonyesha kizazi cha prosesa. Core i7-3520M ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, viini viwili. Core i5-8250U ni kizazi cha nane, ya 2017, viini vinne, na inaizidi mbali ingawa jina linasikika dogo. Kizazi cha nane kina umuhimu wa pili: kwa ujumla ndipo Windows 11 inapoanza kukubali prosesa za Intel. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ya kizazi cha nne au cha sita inauzwa rahisi kwa sababu inayoeleweka.

Pili, betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Inatengeneza ripoti. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Ukikuta ilikuwa 50,000 na sasa inajaa 27,000, betri imebaki nusu, na bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei ya mashine. Tatu, izime, iwashe tena ukiingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila na muuzaji hana, iache. Hizi mashine nyingi zilikuwa mali ya makampuni, na kufuli zao nyingine hazifunguki kirahisi. Nne, dhamana: mpya kwa kawaida huja na mwaka mmoja, mtumba hutegemea duka. Iandikwe kwenye risiti, usikubali ya mdomo.

Tupige hesabu, na hizi ni bei za mfano tu. Laptopu mpya laki nne na themanini, ikakupa miaka miwili ya kuvumiliana: shilingi 20,000 kwa mwezi. Ya mtumba laki saba na ishirini, weka betri ya 80,000, jumla laki nane, ikakupa miaka minne: kama 16,700 kwa mwezi. Na akimaliza chuo, hii ya pili bado ina mnunuzi.

Lakini najua, na nisingependa kulipita hili. Mwenye laki nne na themanini mkononi hana laki nane, na hesabu ya mwezi haimpi ile tofauti ya 320,000. Kwake ningesema hivi. Kama chuo kina maabara ya kompyuta, muhula wa kwanza mwache mtoto aitumie, mkiendelea kukusanya. Kama haiwezekani kungoja, tafuta Core i5 ya kizazi cha sita yenye RAM 8GB na SSD, weka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, vyote bure, mradi kozi yake haidai programu za Windows pekee. Kwa uandishi, utafiti na madarasa ya mtandaoni itamfikisha mbali kuliko hii ya kushoto.

Na mpya za bei nafuu zinazofaa zipo, nisieleweke vibaya. Ukikuta yenye Intel N100, prosesa ya mwaka 2023 yenye viini vinne, RAM 8GB na SSD ya 256GB inayochomoleka, hiyo nunua bila wasiwasi kama kazi ni za kawaida. Utapata dhamana, betri mbichi na mashine nyepesi ya kupanda nayo mwendokasi. Chini ya 8GB mimi simshauri mzazi yeyote hapa atoe hela yake, hata boksi liwe zuri namna gani.

Mliokuja na mashine zenu, au na picha ya boksi mnalofikiria kununua, zileteni hapa mbele tuzisome moja moja. Tuanze na mama wa pale nyuma, nimeona ameshika risiti na siku za kurudisha bado hazijaisha.